Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Kuchagua na Kutunza Fanicha za Mbao

Mwaka huu sikuja na hadithi ya sungura wala shairi la mapenzi. Nimekuja na meza. Usicheke. Meza ndiyo iliyomliza mama yangu, na meza hiyo hiyo ndiyo iliyonifunza mambo ambayo ningependa nawe uyajue kabla hujazishika pesa zako za kwanza ukaenda nazo kando ya barabara kununua fanicha.

Mama ni mchuuzi wa mboga huku kwetu Kakamega. Kwa miaka miwili alikuwa akichanga pesa katika chama cha akina mama, na zamu yake ilipofika alipokea shilingi 35,000. Akasema, "Sasa na mimi wageni wangu watakalia viti, si mikebe." Akaenda mjini akanunua meza ya kulia chakula na viti sita. Lo! Vilikuwa vyekundu, vinang'aa hata ungeweza kujiona uso. Muuzaji akaapa kwa jina la Mungu, "Mama, hii ni mahogani tupu. Utawaachia wajukuu." Mama akalipa, akakodi mkokoteni, akarudi nyumbani akiimba.

Wajukuu gani? Hata Krismasi haikufika. Mwezi wa tano tangu inunuliwe, uso wa meza ulianza kujipinda kama chapati iliyosahauliwa juu ya kikaango. Mbao zikaachana, nyufa zikawa pana kiasi cha kumeza kijiko. Kisha siku moja akina mama wa chama walikuja kwetu mkutanoni. Mweka hazina wao akaketi, kiti kikalia kwaa! naye akajikuta sakafuni, kikombe mkononi. Bahati njema chai ilikuwa imepoa. Watu walicheka, na mama akacheka pamoja nao. Lakini usiku nilimsikia akilia jikoni peke yake.

Jumamosi iliyofuata Babu alikuja kutuona. Babu alifanya kazi ya useremala kwa zaidi ya miaka thelathini kabla macho hayajaanza kumsumbua. Hakusema neno. Alituomba tumsaidie kuipindua ile meza, miguu ikaelekea dari, naye akavaa miwani yake. "Mjukuu wangu," akaniambia, "fanicha huchaguliwa kwa chini. Juu ni vanishi inayozungumza. Chini ndiko fundi anakosema ukweli."

Makala haya, basi, ni yale aliyonionyesha Babu siku ile, pamoja na yale niliyoyasoma na kuyajaribu baadaye.

MBAO HUNYWA MAJI

Jambo la kwanza ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba ubao haufi pale mti unapoangushwa. Hauoti tena, ni kweli, lakini huendelea kunywa na kutema unyevu wa hewa maisha yake yote. Wakati wa mvua huvimba kidogo, wakati wa kiangazi hunywea. Ndiyo maana mlango wa bweni letu hugoma kufungika mwezi wa Aprili, na kufika Februari unafungika wenyewe kwa upepo.

Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji yenye uzito wa nusu ya uzito wa mbao yake kavu, au hata zaidi ya hapo. Mbao ya kutengenezea fanicha ya ndani yapasa kukaushwa hadi maji yabaki kama asilimia 10 hadi 14 hivi, kulingana na hewa ya mahali. Ikitumiwa kabla ya hapo itaendelea kukauka ikiwa tayari ni meza sebuleni mwako, na hapo ndipo matata huanza.

Sasa sikiliza siri nyingine. Ubao haunywei sawa pande zote. Kwa urefu, yaani kufuata nyuzi zake, hauponguki kiasi cha kuonekana. Kwa upana ndiko unakonywea. Ubao mbichi wa upana wa sentimita 30 waweza kupoteza sentimita moja nzima au zaidi ukishakauka. Fundi aliyeugongomea misumari pande zote ameufunga pingu. Ukitaka kunywea hauna njia, kwa hiyo utapasuka.

Haya si ya kusimuliwa tu. Shangazi yangu ni mwalimu Garissa. Alitengenezewa meza huku kwetu, mahali penye mvua nyingi, akaisafirisha hadi kule kwenye joto na ukavu. Wiki ya tatu, usiku wa manane, alisikia mlio kama wa bunduki akadhani wamevamiwa na majambazi. Kumbe ni meza iliyopasuka katikati! Uso wake ulikuwa umegongomewa misumari kuzunguka ukingo wote.

Mimi mwenyewe nilitaka kuthibitisha jambo hili. Nilipita kwa fundi mmoja jirani ya shule nikaokota kipande cha mbao alichokuwa amekikata siku ile, mbao aliyodai ni kavu. Mwalimu wetu wa fizikia akaniruhusu nikipime katika maabara. Kilikuwa na uzito wa gramu 230. Tukakikausha katika joko la maabara, kwenye joto la kupita kidogo nyuzi 100, tukawa tunakipima kila mara hadi uzito ulipokataa kupungua tena. Ukabaki gramu 180. Maana yake gramu 50 zilikuwa maji. Ukigawa 50 kwa 180, kisha uzidishe kwa 100, unapata karibu asilimia 28. Hiyo ndiyo mbao "kavu" ya yule fundi! Simlaumu sana, kwa maana mteja wake alikuwa anataka kitanda kufikia Ijumaa. Haraka haraka haina baraka.

Mbao hukaushwa vipi? Hupangwa kivulini, mahali penye upepo, na kati ya ubao na ubao huwekwa vijiti ili hewa ipite. Mbao za unene wa inchi moja huchukua miezi kadhaa hivyo, na zile nene huchukua zaidi. Zikianikwa juani hukauka nje upesi kuliko ndani, nazo hujipinda na kupasuka. Viwanda vikubwa huwa na vyumba maalumu vya joto ambavyo hufanya kazi hiyo kwa muda mfupi zaidi.

JINA LA MTI

Siku hizi kila mbao nyekundu huitwa mahogani. Jamani! Babu alikwaruza kwa kisu upande wa ndani wa mguu wa meza yetu, na chini ya ule wekundu pakatokea mbao nyeupe pee, laini. Ilikuwa imepakwa rangi. Kama unashuku, chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, usugue mahali palipofichika ambapo hapakupakwa vanishi. Kitambaa kikigeuka chekundu, mahogani yako imetoka kwenye mkebe.

Miti ya fanicha ni mingi. Nitaitaja michache tu.

Mvule ndio mfalme. Mbao yake ina rangi ya dhahabu inayogeuka kahawia kadiri miaka inavyopita, na mchwa huukwepa. Hapa kwetu magharibi na kule pwani mvule humea, ingawa umepungua sana. Mara nyingine ndani yake hupatikana mawe madogo ambayo hutia msumeno butu, ndiyo maana mafundi hunung'unika wakiupasua. Mninga hutoka kwa majirani zetu Tanzania. Sifa yake ni kwamba hunywea kidogo sana, hivyo droo ya mninga haikwami wala hailegei. Mkangazi ndio mahogani wa kweli wa Afrika Mashariki. Mringaringa, ambao Wakikuyu huuita muringa, ni mwepesi na mtulivu, na tangu zamani umechongewa mizinga na vigoda. Kandokando ya Mlima Kenya kuna Meru Oak, ambao hupendwa kwa nyuzi zake nzuri. Mtarakwa nao hunukia vizuri na hauozi upesi, ndiyo maana ulipendwa sana kwa nguzo za ua.

Kisha kuna miti ya kupandwa, na hii ndiyo wengi wetu tunaweza kuimudu. Saiprasi na paini zililetwa kutoka nchi za Mexico na jirani zake, nayo migrevilea tunayoiona katika mashamba ya chai na kahawa asili yake ni Australia. Msidharau mbao hizi. Zikikaushwa vizuri na kuungwa kwa ustadi hutoa vitanda, rafu na makochi ya kudumu. Ubaya wa saiprasi na paini ni kwamba hukwaruzika upesi. Bonyeza kwa ukucha mahali palipofichika nawe utaona alama imebaki.

Kwa hiyo usimwulize muuzaji tu, "Hii ni mahogani?" kwani atajibu ndiyo. Mwulize, "Hii ni mbao ya mti gani, na ilitoka wapi?" Anayeijua kazi yake atakujibu bila kubabaika.

Swali hilo la pili lina uzito zaidi ya mfuko wako. Mwaka 1999 misitu ya Mlima Kenya ilikaguliwa kutoka angani, na maelfu ya mikamfori ilionekana imekatwa kinyume cha sheria. Mwaka 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 69, yaitaka nchi ifikishe na kudumisha miti katika angalau asilimia kumi ya ardhi. Mbao za halali husafirishwa kwa kibali. Tukinunua mbao za wizi kwa bei ya kutupa, sisi ndio tunaoshika mpini wa shoka.

PINDUA UTAZAME

Sasa tuseme umefika kwa muuzaji. Usikae kwanza. Fanya kama Babu.

Kwanza, tazama ukingo. Ubao halisi una nyuzi zinazoanzia juu na kuendelea hadi ukingoni. Ukiona kifundo juu, mtafute mwenzake upande wa chini. Kama juu pana nyuzi nzuri na ukingoni pamebandikwa kamba nyembamba ya mbao au plastiki, hiyo ni chipubodi au plaiwudi iliyovishwa koti. Sisemi kwamba plaiwudi ni mbaya. Mgongo wa kabati na sakafu ya droo hufaa sana kuwa plaiwudi, kwa sababu haivimbi na kunywea kama ubao. Kosa ni kuuziwa chipubodi kwa bei ya mvule. Chipubodi ikilowa maji huvimba kama mandazi, na ikishavimba hairudi tena.

Pili, usidanganywe na uzito. Watu husema fanicha nzito ndiyo nzuri. Lakini mbao mbichi pia ni nzito, na chipubodi ni nzito. Weka kiganja chako chini ya meza, mahali pasipo na vanishi. Mbao yenye maji mengi huhisi baridi, kama chupa iliyotoka mtungini. Igonge kwa kifundo cha kidole. Iliyokauka hulia kwa sauti kavu, nayo mbichi hutoa mlio mzito uliokufa.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tazama viungo. Kiti chetu kilichomwangusha mweka hazina kilikuwa kimeshikwa na misumari miwili kila kona, basi. Msumari hushika mbao kwa kuibana tu. Kila mtu anapoketi na kuegemea, tundu la msumari hupanuka kidogo, hata siku moja hakuna kinachobanwa. Kiungo cha kweli ni kile ambacho mbao moja imechongwa ulimi na nyingine imetobolewa tundu, ulimi ukaingia ndani ya tundu kwa kubana, ukatiwa gundi. Mafundi wengine hupitisha kijiti cha mbao ngumu hapo ili ulimi usitoke kamwe. Katika kona za droo mbao mbili huchongwa vidole vinavyoumana kama meno ya mamba. Ukivuta droo na kuviona vidole hivyo, jua kwamba aliyeitengeneza hakuwa na haraka.

Ustadi huu wa viungo si wa wageni. Nenda Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, ukaitazame milango ya nakshi. Utaona mwimo, na mfaa uliosimama katikati. Yapo mapambo ya kuvutia macho, ni kweli, lakini mlango hausimamishwi na mapambo. Umesimama kwa sababu mbao ilikuwa nzuri, kama vile mvule, mbambakofi au msaji, na viungo vyake vilikaa sawasawa. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Nne, tikisa. Weka kiti mahali tambarare, shika mgongo wake usukume kulia na kushoto. Kisicholia wala kuyumba ni cha kwenda nacho. Kisha keti, uegemee kwa nguvu kama ulivyo nyumbani, wala usione haya. Kwa kabati, chukua uzi upime kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha upime ule mshazari mwingine. Nyuzi zikitofautiana, kabati limekaa upande, na milango yake haitafungika vizuri.

Tano, chungulia kama kuna vitundu vidogo kama vya pini na unga mwembamba kama wa muhogo. Huo ni mlango wa fukusi. Wadudu hawa hupenda hasa ile sehemu nyeupe ya nje ya mti, iliyo laini na yenye chakula. Ndiyo maana fundi mzuri hutumia kiini cha mti na kuitupa nyeupe.

KUMWAGIZA FUNDI

Mara nyingi ni afadhali kuagiza kuliko kununua iliyokwisha pakwa vanishi, kwa kuwa unaiona kazi ingali uchi. Babu alinipa masharti matatu. Kwanza, andikianeni: aina ya mbao, vipimo, aina ya viungo, bei na siku ya kumaliza. Pili, toa arubuni ya kununulia mbao, usitoe pesa zote, na udai risiti. Tatu, mwambie fundi asipake kitu chochote kabla hujaja kuikagua. Mficha uchi hazai, lakini mficha viungo hupata pesa!

Mwulize pia jinsi atakavyoufunga uso wa meza. Ajibu kwamba atatumia vibao vidogo au skurubu zenye nafasi ya kucheza, ili uso uweze kuvimba na kunywea bila kupasuka. Akisema, "Nitapiga msumari, haiendi mahali," mshukuru, uende kwa mwingine.

Na kama pesa ni chache? Nunua kidogo kilicho kizuri. Meza moja ya kudumu na mabenchi mawili ya saiprasi iliyokauka ni bora kuliko seti ya viti sita vya kuaibishana.

KUITUNZA

Fanicha nzuri ikishafika nyumbani, kazi ndiyo imeanza. Maadui zake ni wanne: maji, jua, joto na wadudu.

Futa vumbi kwa kitambaa laini, ukifuata nyuzi za mbao. Kama pana uchafu, loweka kitambaa, kikamue sana, futa, kisha kausha mara moja kwa kitambaa kingine. Usimwage maji juu ya meza kama unayeosha sakafu, wala usitumie sabuni ya unga na steliwulu. Hizo huichubua vanishi, na vanishi ndiyo ngozi ya mbao.

Usiweke sufuria iliyotoka motoni juu ya meza. Tumia kipande cha mkeka au ubao mdogo. Glasi ya maji baridi nayo huacha duara jeupe. Duara hilo likiwa jipya, lipe muda likauke lenyewe, kisha sugua polepole kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Mara nyingi litafifia. Jua kali linalopita dirishani hupausha rangi na kukausha upande mmoja kuliko mwingine, basi vuta pazia au hamisha kabati. Meza isikae jirani ya jiko. Na tafadhali, usiburure! Kiti hunyanyuliwa. Kila mburuto huvuta kiungo kimoja.

Mbao isiyo na vanishi ngumu hupenda kulishwa nta au mafuta ya kitani mara moja au mbili kwa mwaka. Paka kidogo, acha iingie, kisha futa yote yaliyobaki juu. Hapa nitakuonya, nawe usinisahau: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa pembeni. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na furushi la vitambaa laweza kuwaka moto lenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikauke kabisa.

Kuhusu mchwa, acha nafasi ya kiganja kati ya kabati na ukuta, na kila mwezi chungulia nyuma. Ukiona vijia vya udongo vinapanda, vibomoe na utafute vinakotoka. Kuhusu fukusi, futa ule unga wote kisha subiri wiki moja. Unga ukianguka tena, wadudu wako hai. Hapo mtu mzima anunue dawa ya mbao kwenye duka la pembejeo na kuitia kwa kufuata maagizo, mbali na watoto na vyakula.

Na kiti kikianza kulia? Usikimbilie msumari. Hilo ndilo kosa la nyumba nyingi, kwani msumari huupasua ulimi wa mbao. Kitenganishe kiungo taratibu, kwangua gundi ya zamani yote, tia gundi mpya ya mbao, kisha zungusha kamba na kuikaza kwa kijiti. Kiache usiku kucha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KIKOMO

Mpenzi msomaji, labda unajiuliza mama aliishia wapi. Muuzaji hakupatikana tena, na risiti haikuwapo. Viti vinne Babu aliviokoa. Alinishikisha patasi na randa, naye akawa anapapasa kwa vidole na kunielekeza: "Hapo, mjukuu wangu, punguza kidogo. Basi, usiile sana." Viwili tulivipasua tukavitia jikoni, na mama akapikia maharagwe.

Mwaka huu zamu yake ya chama ilifika tena. Mara hii alikwenda na Babu. Hawakununua seti. Waliagiza meza moja tu ya mgrevilea, iliyokaushwa tangu mwaka jana, na mama mwenyewe ndiye aliyeinama chini yake kwa tochi kabla ya kutoa shilingi ya mwisho. Yule fundi alicheka akasema, "Mama, wewe umesomea wapi?" Mama akamjibu, "Nimelipa karo."

Makala haya nimeyaandikia juu ya meza hiyo. Haing'ai sana, lakini nikiegemeza kiwiko haisemi neno. Siku utakayokwenda kununua yako, usione haya kuipindua. Kwaheri ya kuonana.